Luteni Kijiko Hajaripoti

4 Machi

Mwanangu Fundi,

U mzima? Na huo mgongo? Mimi sijambo, ila miguu inavimba.

Wewe ndiye uliyekuwa ukiitengeneza ndege ya mwanangu, ukabeba na jeneza lake, kwa hiyo nakuuliza wewe. Nimeletewa barua ya kikosi nisichokijua. Inasema Luteni Kijiko hajaripoti kazini siku saba, na asipofika ataandikwa mtoro. Namba ya jeshi ni ya mwanangu. Mwaka wa pili huu tangu nimzike. Mtoro wa wapi? Na hilo jina la Kijiko nani kampa?

Mama yako

19 Machi

Shikamoo Mama,

Pole na miguu. Mgongo wangu siku hizi unatabiri mvua kuliko redio.

Kosa ni langu. Kikosi chetu kimevunjwa baada ya miaka thelathini na moja. Makundi yote mawili ya marubani yameunganishwa na kikosi kingine, nasi mafundi tukazifuata ndege. Karani alikuwa na haraka, akanakili majina kutoka kwenye vibao vya ukutani, vilivyo juu ya misumari ya kutundikia kofia: namba, cheo, jina la utani. Cha mwanao nilitakiwa kuking'oa siku ya mazishi. Nilishindwa, Mama. Rangi ikififia, napaka tena.

Sasa kila asubuhi anaitwa mstarini, nami naacha aitwe. Nikisema ukweli, jina lake litafutwa.

Kijiko walimwita kwa sababu alitembea na kijiko mfukoni, akimaliza sukari ya kikosi bila haya.

Mwanao, Fundi

2 Aprili

Marahaba mwanangu,

Nimecheka mpaka nikalia. Vijiko vyangu vilikuwa sita. Alipokuja likizo ya kwanza akaondoka, vikabaki vitano, nikamgombeza dada yake wiki nzima. Leo nimemwomba radhi.

Hukunikosea. Lakini mtoto yule hakuwahi kukimbia kitu, hata sindano ya chanjo alinyoosha mkono mwenyewe. Waambie. Wakimfuta, wamfute kama mtu aliyekwenda kazini.

Mama yako

11 Aprili

Shikamoo Mama,

Natumaini miguu imepata nafuu. Sisi tupo.

Jana mkuu wa kikosi aliita, "Luteni Kijiko!" Nikatoka mstarini. Nikasema, "Hayupo, afande. Aliruka, hakurudi."

"Lini?"

Nikamtajia tarehe. Alivua kofia, akakata jina kwa kalamu, akaandika pembeni: *amefariki akiwa kazini*. Nilisimama hapo mpaka alipomaliza kuandika. Halafu akaikunja orodha bila kuwaita waliobaki.

Kibao nilishaking'oa tulipohama. Kimo ndani ya kifurushi hiki, rangi bado mbichi kidogo, usikishike ukiwa umevaa nguo nzuri. Na kijiko chako kimo. Kilikuwa kwenye boksi langu la spana muda wote huu. Asubuhi ile, akipanda ngazi ya ndege, alinipa akasema, "Nishikie, narudi sasa hivi."

Nimekishika, Mama. Sasa kishike wewe.

Mwanao, Fundi