Kivuli Juu ya Udongo wa Kipese

Morogoro

Yaya Masika,

Nakusalimu kwa upendo, dada yangu mkubwa, wewe na nyumba yako yote hapo Butembo. Goti lako linaendeleaje na ule mlima wa kwenda sokoni? Mimi mwili ni mzima. Barua hii nampa mfanyabiashara wa kwetu anayerudi na mzigo, maana simu ndiyo iliyoniponza.

Unajua kazi yangu huku ni kupima joto linaloingia ardhini katika mashamba ya mahindi. Jua likipiga, sehemu ya joto lake hushuka udongoni, na ukiijua unaweza kukadiria maji ambayo mimea itahitaji. Nikataka kulinganisha na udongo wa kijijini kwetu Kipese. Kwa hiyo likizoni niliacha vipimajoto viwili katika shamba letu la viazi, kimoja karibu na juu, kingine chini yake kidogo, mahali patupu kati ya matuta. Mke wangu Kavira alikuwa anavisoma asubuhi, saa sita na jioni, ananitumia namba. Tofauti ya viwili hivyo ndiyo inayonionyesha joto linaloshuka.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha namba za saa sita zikaanguka. Kavira anaandika "jua kali", lakini udongo unapokea joto kama siku ya mawingu. Nikamuuliza kama majani ya viazi yamefunika, akasema bado madogo. Basi ni kivuli, Yaya! Kuna kitu kinakaa pale kila mchana. Na siku chache kabla alikuwa ameniambia kwamba agronome mmoja, bwana shamba kijana, amepita kuangalia ugonjwa wa viazi.

Wivu ulinikamata vibaya. Nilipiga hesabu kwenye daftari la kazi nikaona kivuli cha mtu mmoja hakitoshi kupoza udongo hivyo. Lazima ni wawili, wamekaa karibu karibu. Chakula kikanishinda. Wenzangu wakanitania kwamba Mkongomani amerogwa na mahindi. Nami, badala ya kumuuliza mke wangu, nikampigia baba yake huko Ruwenzori, upande wa Beni, nikamuuliza kama binti yake analima viazi au anapokea wanaume.

Ndiyo, nilimwambia hivyo baba mkwe.

Kesho yake Kavira akanitumia sauti. Nimeisikiliza mpaka naijua yote:

"Muhindo, ni kitenge yangu. Ule agronome alipita mara moya, na bibi yake ya ndoa. Kila midi, saa sita ile, miye ndiye nilikuwa natandika kitenge juu ya udongo yako, nakaa, nakula. Makusudi! Kila siku unauliza udongo iko namna gani. Asubui udongo, mangaribi udongo. Mutoto alikuwa na homa, haukuuliza. Hata siku moya haukuuliza kama nililala. Nikasema, acha niharibishe ile manamba, pengine atauliza Kavira iko na nini. Lakini weye unaenda kuuliza papa wangu kama miye ni malaya."

Baada ya hapo, mama mdogo anayekaa naye ameniambia, aling'oa vipimajoto, akambeba mtoto, akapanda pikipiki ya kukodi, akaenda kwa wazazi wake. Simu yake haipiti tena.

Yaya, kama barabara ya Beni ni salama, nenda huko kwa ajili yangu. Omba msamaha kwa baba mkwe kwa niaba yangu, akikufokea vumilia. Kavira usimtajie shamba kabisa. Muulize homa ya mtoto imeishaje, na yeye mwenyewe anakula nini, analala au halali. Nisingeweza kumwandikia yeye, angechana karatasi kabla ya kufungua.

Wewe uliyenilea sikufichi, wivu haujaniisha. Umehama tu. Sasa namwonea wivu mama yake anayekula naye, na yule mwenye pikipiki aliyembeba, na hata wewe, kwa sababu ukifika utamwona na mimi niko huku napima udongo wa mahindi ya watu.

Nisalimie shemeji, mume wako, na mama mdogo aliyebaki akilinda viazi. Agronome ukikutana naye, msalimie pia. Hapana, huyo muache.

Ni mimi mdogo wako, ninayengoja uniambie kama amelala,

Muhindo