Kaya Zilizomezwa na Nafasi Moja Tupu

Biharamulo mjini,
Jumatano asubuhi

Mdogo wangu Leokadia,

Wengi wetu hukosea mahali pamoja: kosa likitoweka, tunadhani tumelitibu. Mimi nimekosea hapo, na nikakufundisha na wewe ukosee. Ndiyo maana nimeanza na hili kabla hata sijaipokea shikamoo yako. Marahaba, mdogo wangu. Mgongo wa mama unaendeleaje? Mahindi ya Mbuba yameshika? Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia tangu jana. Redio ya ofisi imekufa, kwa hiyo barua hii inapanda lori linaloondoka saa nne na msafara wa polisi. Naomba tu ikufikie kabla hujachapa orodha ya mgawo wa chakula wa kesho kambini kwako.

Unakumbuka uliniandikia kwamba kaya tatu zimekosekana katika orodha yako, ingawa watu wote wamo katika kompyuta? Nikakujibu kama niko ubaoni: ni makarani wetu, wanachanganya l na r, mtu mmoja anaandikwa mara Ndayilagije, mara Ndayiragije. Ukasahihisha, na katika orodha iliyofuata kaya zikarudi. Huku nami nimekuwa nikifanya hivyo hivyo. Kila mgawo kaya kadhaa zinatoweka, nasahihisha herufi, zinarudi, kisha zinatoweka nyingine. Nikamsema karani wangu Method mbele ya wenzake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwalimu, kwani hii r inakula unga?" Wenzake wakacheka. Mimi nikamwamuru aandike upya majina ya mtaa mzima wa kambi.

Jana kwenye mgawo alikuja bibi mmoja Mrundi, Konsesa, na kadi ya watu saba. Msimamizi akatafuta, kaya haimo orodhani, na asiyekuwamo orodhani hapimiwi. Nilipoitwa nikaanza maelezo yangu ya herufi. Bibi akaninyamazisha kwa mkono.

"Mwalimu, mkaza mwanangu amezaa. Hatujafa. Mbona mnatufuta kama tumekufa?"

Nikamwomba anitajie watu wa nyumba yake mmoja mmoja. Akataja sita bila kusita. Nikasubiri wa saba.

"Huyo bado yuko kiriri," akasema. "Jina atalipata wapi?"

Wewe na mimi hatuhitaji kuelezwa kiriri. Ni zile siku ambazo mzazi na kichanga hukaa ndani, na mtoto haitwi jina mpaka siku ya kutolewa nje. Makarani wetu ni watoto wa huku huku, kwa hiyo hawakuuliza wala hawakushangaa. Waliandika tarehe ya kuzaliwa, wakaacha nafasi ya jina wazi. Mgeni angeandika chochote. Sisi tuliona ni adabu kutoandika.

Sasa nikueleze, maana nataka uelewe, si unitii tu. Kompyuta ina vijumlishi vyake: inajua kuhesabu, kujumlisha, kutafuta kikubwa. Haikuwa na cha kuunganisha majina ya kaya yawe mstari mmoja, ndipo nikakiunda mwenyewe. Kijumlishi cha kuunda kina mambo matatu: kinaanza na nini, kinafanya nini kwa kila mtu anayefika, na mwishoni kinatoa nini. Mimi siku zote nilitazama mwisho tu. Jana mchana nikatunga kaya ya uongo ya watu watatu, nikakiendesha hatua kwa hatua. Wa kwanza akaandikwa vizuri. Wa pili nikamwachia nafasi ya jina wazi, na mstari wote ukafutika, pamoja na yule wa kwanza. Wa tatu akabandikwa juu ya kisichokuwapo, naye akapotea. Kwa kompyuta, nafasi isiyojazwa maana yake ni "haijulikani", na ukiunganisha kinachojulikana na kisichojulikana, unapata kisichojulikana. Haikulalamika hata kidogo. Kisha ripoti yangu, ambayo huruka mistari ya namna hiyo, ikaiacha kaya nzima. Mtoto akishaitwa, nafasi inajaa, kaya inarudi, nasi tunasifu herufi zetu.

Utasema, basi tukiamuru kiziruke nafasi tupu. Nilijaribu. Kaya ilirudi na watu pungufu, kwa kuwa ripoti huhesabu majina. Kichanga kikaachwa nje, na kipimo chake pia.

Nimezipitia orodha za nyuma mpaka macho yakauma. Kila kaya iliyotoweka ilikuwa na mzazi aliyekuwa kiriri. Nimewanyima wazazi chakula, Leokadia, wao tu, mgawo baada ya mgawo, na disketi ya kijumlishi hicho uliyonayo niliinakili kwa mkono wangu huu. Kambi yako ni kubwa kuliko yetu. Sijui una wangapi walio kiriri wiki hii, na kila nikifikiria idadi yao nashindwa kuendelea kuandika.

Konsesa aliambiwa asubiri orodha nyingine, akaondoka na ndoo tupu. Jioni mimi na Method tulimpelekea maharage na ndizi tulizokuwa nazo. Alipokea kwa mikono miwili, akasema maziwa ya mkwewe hayatoki. Njiani nilimwomba Method radhi. Akasema, "Basi r imeachiwa huru, Mwalimu."

Kijumlishi kipya sijakijaribu vya kutosha, na sitakutumia tena kitu nisichokijaribu. Usikingoje.

Mpe mama shikamoo yangu, na asinifiche habari za mgongo. Shemeji mwambie jembe alilonitumia limefika. Msalimie shangazi yetu wa Bukiriro, na watoto wote wa nyumbani, mmoja mmoja kwa majina yao.

Ni mimi kaka yako Severini, ambaye safari hii sina la kujitetea.

Leo hii, kabla hujachapa, tafuta kila nafasi ya jina iliyo tupu, uandike humo: mtoto wa, kisha jina la mama yake.