Flaiwili Nyepesi ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Nimeshusha giaboksi ya gari la baba mkwe, klachi imeisha. Humo ndani nikaikuta flaiwili yake — lisahani la chuma linalozunguka nyuma ya injini, zito kama jiwe la kusagia. Nikasema hapana, mzee wangu haendeshi trekta mimi nikiwa hai. Nikamfungia ile nyepesi niliyoitoa kwenye gari la mashindano. Zawadi. Nusu ya uzito! Gusa mafuta tu, injini inaitika kabla hujamaliza kuita. Mafundi wa mtaa huu wanajua kufunga. Mimi najua kupendezesha.

Jumanne, 4 Machi
Nimemkabidhi. Kacheka kama bwana harusi. Dereva wa malori mstaafu huyu, gari halijawahi kumzimikia mbele ya watu — atakwambia mwenyewe, hata hujamuuliza.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Gari limemzimikia mzee mara tatu kwenye kile kilima cha kutokea getini kwake, wanawe wote wanatazama. Mara ya tatu likaserereka kinyumenyume, likagonga ukuta wa jiko. Shemeji mkubwa, kaka wa mke wangu, kachukua funguo. Eti umri umefika, gari liuzwe, mnunuzi anakuja Jumamosi.

Nikasema papo hapo: kosa si la mzee, ni langu. Flaiwili nzito inaibeba injini ukiachia klachi. Nyepesi haina subira, usipoongeza mafuta inakufa. Nikaeleza kwa mikono, kwa miguu, kwa kisosi cha chai. Wakanitazama kwa huruma. Shemeji kanipiga begani: "Una moyo mzuri, shemeji. Lakini usimkingie mzee kifua."

Mimi! Miaka yote nadanganya, naaminiwa. Leo nasema kweli, nina moyo mzuri.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda na flaiwili ya zamani nimeikumbatia kama mtoto, niirudishe. Shemeji kakataa. Gari lisiguswe tena, hasa na mimi.

Mzee yuko sebuleni, kavaa viatu, haendi popote. Anakanyaga zulia kwa mguu wa kushoto, anauinua polepole, anakanyaga tena. Anaupima. Nikamwambia mguu wako mzima, baba, ni chuma changu hicho. Hakunitazama. "Usinibembeleze, mwanangu. Mguu ni wangu, naujua."

Nilikuwa na mizaha mitatu mdomoni. Nimeimeza yote.

Mke wangu kaniuliza, fundi gani anamfungia mzee wa miaka sabini kifaa cha mashindano? Fundi anayempenda, nikajibu. Hakucheka. Ila kaniwekea maji ya kuoga.

Jumamosi, 8 Machi
Mnunuzi yuko njiani. Nimemchokoza shemeji mbele ya dada zake: wewe na pikapu yako ya kokoto, hili hulitoi hata getini. Kanuna, kaingia kwenye gari la mzee, kashika usukani. Nimekaa ubavuni pake. Mdomo nimeufunga, ndiyo maana mkono unaandika.

Limemzimikia. Kasema ni kiti.

Limemzimikia tena. Kasema ni viatu. Kavivua.

Mzee katoka nje. Kasimama karibu na boneti, kainamisha sikio, anaisikiliza injini inavyokufa.

Mara ya tatu. Tumeserereka! Hendibreki imetuokoa. Jasho linamtiririka shemeji.

Mzee kaja mlango wa dereva, kaufungua. Kaniangalia mimi kwanza, kwa jicho ambalo nitalijibu baadaye. Halafu mwanawe.

"Sogea."

Shemeji mkono bado uko kwenye funguo. Getini mnunuzi anapiga honi.