Mkoba wa Kamera Usioushusha Chini

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Salamu zako zimefika. Hapa Katesh wote wazima, na ng'ombe mweusi amezaa.

Umeniuliza uchukue mkoba wa kamera mkubwa au mdogo. Zamani babu yako aliwapiga picha vibarua wa mashamba ya ngano, mama yako Paulina akiwa bado mgongoni kwangu. Nilimshonea mkoba mpana wa gunia la ngano. Akacheka, "Mama Paulina, humu hata mbuzi anaenea." Kwa uzito wake tuliushusha chini kila tuliposimama. Siku ya kumpiga mtoto picha, ili tumpelekee mama yangu aliyekuwa mgonjwa kule Nambis na alikuwa hajamwona mjukuu, kitufe kiligoma. Makapi na vumbi vilikuwa vimeingia ndani ya kamera.

Kuisafisha kulichukua wiki nzima, nami nikihofia mama hatasubiri. Nikashona mkoba mwingine wa blanketi kuukuu, wa kutosha kamera na filamu tu, ukae ubavuni hata nikiwa nimebeba mtoto.

Kwa hiyo chukua ule ambao hutatamani kuushusha.

Picha mama aliipata. Aliitazama sana, kisha akauliza, "Mbona mmemnunisha mjukuu wangu?"

Anayekuwaza,
Bibi yako