Mrututu Katika Ziwa Basotu

Basotu, Hanang

Mke wangu Rehema,

Nakusalimu kutoka huku kwenye upepo wa Hanang, ambao hata mchana unanifanya nivae koti. Natumaini kikohozi chako kimepoa, na Salumu amerudia kula baada ya yale meno kumsumbua. Mama umwamkie kwa niaba yangu, umwambie mwanawe anamkumbuka. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia, na itabidi nikueleze yote, kwa sababu nina ombi ambalo hutalipenda.

Nimewahi kukutajia Elia, mganga wa zahanati tunayekaa naye nyumba moja. Ni mtu wa Moshi, mpole, na siku nilipofika hapa alinipa blanketi lake bila kuniuliza dini wala kabila. Mkewe alifariki, anamlea mwenyewe binti yake Neema, anayesoma darasa la pili.

Tangu watu wahamishiwe kijiji hiki kipya kando ya ziwa, kila kitu kinafanyika pale pale ukingoni. Wanachota, wanafua, wananywesha ng'ombe, watoto wanaoga. Na watoto wengi wanakojoa damu. Ni kichocho. Elia anawachoma sindano zinazowatapisha mpaka wanalegea, wakipata nafuu wanarudi majini, ugonjwa unaanza upya. Baada ya mvua za mwaka huu Neema naye akaanza. Nilimsikia Elia akilia nyuma ya jiko, nikajifanya sijasikia.

Basi wilaya ikatuletea magunia ya mrututu, ile chumvi ya buluu inayotokana na shaba, imwagwe ziwani iue konokono wanaobeba ugonjwa huo. Mwenyekiti akaitisha mkutano, watu wakafurahi. Mimi kama Bwana Samaki, niliyeletwa hapa kusimamia uvuvi, nikaona siwezi kunyamaza. Nikasimama nikawaambia kwamba baba mkwe wangu kule Tanga hupaka matumbo ya meli rangi yenye shaba, ili ukoga wa bahari usishike. Ukoga ule ni mimea. Na huu ukijani wa ziwa letu ni mimea vilevile, midogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuuona mmoja mmoja. Perege wanakula huo, na ndio unaowapa hewa ndani ya maji. Nikasema shaba haitachagua konokono peke yake.

Mzee Gidamuna, mfugaji mwenye ng'ombe wengi upande wa mbugani, akasimama naye. Akasema, "Kwa hiyo, Bwana Samaki, kati ya samaki na mtoto, wewe umechagua samaki?"

Watu hawakucheka. Nilikaa chini.

Wakaanza na kona ya mashariki. Mwanzoni ilionekana wao ndio wenye haki. Konokono walikufa, na maji yakatakata mpaka ukaona mawe ya chini. Akina mama wakawa wanafua huku wanaimba. Lakini mimi yale maji meupe yalinitisha. Haikupita wiki, perege wakaanza kuja juu midomo wazi, wakihema kama mtu aliyepandisha mlima. Kisha wakajaa ukingoni. Elia akakataza wasiliwe, wakachimbiwa shimo.

Mama Paskalina, anayebanika samaki na kulisha wajukuu zake kwa kazi hiyo, alikuja na tenga tupu. Akaniuliza, "Wamekufa kwa dawa, au kwa njaa?"

Nikamwambia, "Nadhani yote mawili, mama. Dawa imeua chakula chao, na kile chakula kikioza kinamaliza hewa yao."

Akajitwika tenga lake akaondoka. Tangu siku hiyo salamu yangu anaiitikia kwa kichwa tu.

Ikaja amri kwamba mrututu uliobaki usambazwe ziwa zima kwa mtumbwi. Mtumbwi wenyewe ni wa idara yetu, na niko nao mimi. Nikachota maji mabichi katikati ya ziwa, nikayatia katika chupa tatu nikazipanga dirishani penye jua. Moja sikuitia kitu, ya pili nikaitia mrututu kidogo sana, ya tatu nikazidisha. Elia alikuwa akizipita kila asubuhi akienda kazini, anazitazama. Ile ya kwanza ilibaki kijani. Ya pili ilipauka. Ya tatu ikawa maji matupu, na chini kumetulia kitu cha kijivu mfano wa majivu. Siku moja akaichukua hiyo ya tatu, akaiinua kwenye mwanga.

"Nimeelewa," akasema. "Sasa nieleze wewe. Neema nimtie katika chupa ipi?"

Rehema, nilifunga mtumbwi kwa mnyororo, na Elia akaacha kula nami. Akabeba ndoo akaenda kumwaga dawa mwenyewe, kwa miguu, akizunguka ukingoni. Nilimtazama akijikokota matopeni, mikono imebadilika rangi, na sikuweza kuendelea kumtazama. Nikamfuata.

Nikamwambia, "Konokono wako kwenye haya matete ya pembeni, hawako katikati. Tuyang'oe pale watu wanapoingilia. Dawa tuitie hapo tu, kidogo. Na tuchimbe kisima huko juu, watoto wasiwe na haja ya kuja."

Akayatazama yale matete. Halafu akanipa ndoo niishike.

Tulifanya hivyo, na kijiji kikatusaidia. Wa kwanza kuleta maksai wa kuvuta yale matete alikuwa Mzee Gidamuna. Hakusema neno kuhusu mkutano, aliniuliza tu wapi pa kuanzia. Kisima kilipotoa maji Elia alikula nami tena.

Kisha afisa akaja kutoka wilayani, akayakuta magunia mengine hayajafunguliwa. Akaniuliza mbele ya watu, "Wewe nani alikuagiza kufikiri?" Elia akasogea akasema kosa ni letu sote wawili. Afisa akamjibu kwamba yeye Elia ana mtoto mgonjwa, anaeleweka, ila mimi nimezuia matibabu ya umma. Nimeondolewa. Atakuja mwingine na mtumbwi atapewa yeye. Mimi nitapelekwa kwingine, wapi sijaambiwa.

Kwa hiyo ombi langu ni hili: usije. Najua umekwisha kuaga majirani na kufunga mizigo. Ifungue, ukae kwa mama mpaka nijue nilipo.

Nisalimie baba mkwe na mama mkwe, shikamoo zao. Nisalimie shangazi aliyetufanyia harusi nyumbani kwake, na mdogo wangu wa kiume aongeze bidii shuleni. Salumu mbusu pande zote mbili.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote hapa. Jana nilimkuta Neema amesimama kando ya maji, amevua viatu, anataka kuingia na mwenyewe anajua amekatazwa. Nikamshika mkono nikamrudisha nyumbani. Njiani nikawaza, angekuwa ni Salumu huyu, ningefanya nini? Rehema, nadhani ule mnyororo ningeufungua mwenyewe, nikamwaga magunia yote mpaka ziwa liwe maji matupu. Nimejua hivyo, na bado mtumbwi sikuufungua. Sijui hilo linanifanya mtu wa namna gani. Wewe unanijua kuliko mimi, uniambie.

Mumeo anayekuwaza,
Athumani