Mke wangu anabeba vyuma, na aliyeumia ni mimi

Mama mshauri, salamu nyingi. Nakuandikia nikiwa nimefura kweli kweli, na naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana humu ndani sina tena wa kumwambia, mke hanisemeshi, mama mzazi kanigeuka, na marafiki ndio hao hao wanaonicheka.

Mimi ni fundi wa makochi, nina miaka arobaini na tisa, watoto wetu wameshakua wanajitegemea, na nyumbani tumebaki mimi, mke wangu, na mama yangu ambaye umri umekwenda na mwili wake ni mzito. Ujanani nilikuwa beki, watu wakaniita Ukuta kwa sababu hapiti mtu, na hadi leo karakana nzima inaniita hivyo, ingawa yupo mshonaji mwenzangu mmoja asiye na adabu anayesema Ukuta siku hizi umejengewa kibaraza, akimaanisha tumbo langu, na mimi huwa nacheka naye lakini moyoni sicheki.

Mke wangu ana arobaini na tano na anafua mashuka hospitalini. Mwaka jana aliteleza huko kazini kwenye sakafu yenye maji akavunjika mkono, na plasta ilipotolewa daktari akamwambia mifupa yake imeanza kudhoofika, na kwamba mtu akivuka arobaini misuli nayo hupungua kidogo kidogo kama haitumikishwi na kama hailishwi, akamwelekeza kwa mama mmoja mstaafu anayewafundisha wanawake kubeba vyuma alasiri kwenye ukumbi wa shule. Nikamwambia nenda, nikijua atachoka mwenyewe. Hakuchoka. Akaja na vyuma hadi nyumbani, akavipanga kando ya kabati la vyombo, nikawa kila nikienda kunywa maji najigonga kidole cha mguu. Chungu nacho kikabadilika, mafuta yakapungua, asubuhi mayai, mchana maharage, mboga za majani zimejaa sahani kana kwamba tunafuga mbuzi, na hayo yote nilivumilia. Lakini mama mshauri, miaka yote tangu nimuoe mke wangu tukila kuku yeye hula shingo na mchuzi, na hajawahi kulalamika, sasa jioni moja nikamwona anajipakulia paja, paja zima, mbele ya macho yangu, nikamuuliza hilo paja la nani, akanijibu la kuku, akaendelea kula.

Sasa sikiliza lililonifika. Jumamosi moja mchana rafiki zangu wa karakana walikuja kuangalia mpira, tumekaa sebuleni, mara tukasikia kishindo bafuni na sauti ya mama, nikakimbia, nikamkuta kaanguka chini kaegemea ukuta, kajifunga khanga yake, ananiangalia kama mtoto. Nikamshika kwapani nikavuta. Hakuinuka. Nikavuta tena kwa nguvu zangu zote, mgongo ukakatika kama kamba, nikajikuta na mimi niko sakafuni kwa magoti, siwezi kwenda mbele wala nyuma, na mama ananiambia pole mwanangu, yeye ndiye aliyeanguka lakini pole ananipa mimi. Rafiki zangu wamejazana mlangoni, bafu dogo, hakuna anayejua pa kushika. Mke wangu akawapita. Akamuuliza mama anaumwa wapi, akamgusa kiuno na miguu, akamwambia akunje goti, akachuchumaa mbele yake akamkumbatia, akainuka naye taratibu hadi juu ya stuli, hata hakuhema. Kisha akarudi kwangu. Mama mshauri, alinibeba. Alinishika mkanda wa suruali kwa nyuma na mkono mmoja kifuani, akanisimamisha kama kiti kilichopinduka, watu wananiona, na yule mshonaji akasema, “Leo Ukuta umesimamishwa na fundi.”

Wakacheka wote. Hata mama alicheka.

Jumatatu, mke wangu yuko kazini, akapita mnunua vyuma chakavu na mkokoteni wake, nikamwita nikampa vyuma vyote, hata sikutaka malipo. Mke wangu aliporudi akaangalia pale kando ya kabati, akaniangalia mimi, sikukana. Nilitegemea kelele, nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Akasema tu, “Vyuma umevitoa. Hizi nguvu utazitoaje?” Akahamishia nguo zake chumbani kwa mama, na huko ndiko analala hadi leo. Kesho yake nikamkuta uani anabeba madumu ya maji na mfuko wa mchanga, na mama yangu amekaa pembeni kwenye kiti anafanya mazoezi ya kuinuka na kukaa, kuinuka na kukaa, eti mkwe kamfundisha. Nikamwambia mama kwamba anamuunga mkono mtu anayenidharau. Akanijibu kwamba alizaa mwana, hakuzaa wivu.

Basi kwa hasira nikaenda jimu ya vijana kule barabarani, nikasema nitawaonyesha. Sikumsikiliza mwalimu, nikachukua chuma alichokuwa anabeba kijana mwenye mabega mapana, nikakinyanyua mara ya kwanza, mara ya pili bega likalia. Nikanunua na unga wa kopo kwa mtu aliyeniahidi kwamba unarudisha ujana, nikawa nakunywa huo badala ya chakula, tumbo likavurugika. Sasa mkono wa kulia hauvuki kifua, nyundo siwezi kuishika vizuri, makochi ya watu yamelala karakana yametoa sponji nje, na nyumbani sijasema neno, najipaka dawa ya misuli chooni ingawa harufu yake inajaza nyumba nzima.

Mama mshauri, swali langu ni moja. Je, ni sawa mwanamke wa umri huo kujifanya mwanaume ndani ya nyumba ya mtu? Naomba umwandikie humu gazetini aache, kwa sababu gazeti lako analisoma na wewe anakuheshimu.

Ni mimi, Ukuta, niliyechoka.

MSHAURI ANAJIBU

Baba Ukuta, umeniomba nimwandikie mkeo. Yeye hajaniandikia. Wewe umeniandikia, kwa hiyo kaa vizuri, nitasema na wewe.

Barua yako imenikasirisha, na sitakuficha. Mama yako alikuwa sakafuni. Mwanamke uliyemlisha shingo na mchuzi miaka yote akaingia, akamkagua kwanza kama ameumia mahali, jambo ambalo wewe mwanawe hukulikumbuka, akamwinua bila kumvunja. Mtu mwingine angepiga magoti ashukuru. Wewe ukasubiri aende kazini, ukaita mkokoteni. Hivyo vyuma vilikukosea nini? Vingekuwa na mdomo vingekuuliza. Ulitaka kumrudisha mkeo awe dhaifu ili wewe usionekane umepungua, na mama yako, ambaye siku nyingine yoyote anaweza kuteleza tena, ukataka abaki bila wa kumnyanyua. Lipime hilo, halafu uniambie nani ndani ya nyumba hiyo anamdharau mwenzake.

Unauliza kama ni sawa mwanamke kujifanya mwanaume. Mkeo amejifanya nini? Alivunjika mkono kazini, daktari akamweleza ukweli wa mwili wake, akautii. Mashuka mabichi ya hospitali unayajua uzito wake? Miaka yote aliyavuta kutoka kwenye mashine, akarudi nyumbani akakupikia, akala kilichobaki, na hukuona ajabu. Leo anabeba kwa faida yake mwenyewe, ndiyo imekuwa ajabu. Na paja ni la kuku, amekujibu vizuri. Mwili wake haujengwi kwa mchuzi.

Sasa nikupe pole, kwa sababu pole yako ipo na nimeiona. Kumshika mama yako kwapani ukavuta asiinuke, hilo linauma mahali ambapo dawa ya misuli haifiki. Ulikuwa mtu asiyepitwa, halafu mwili ukakugeuka mbele ya watu, na watu wakacheka. Rafiki zako walikosea, walijazana mlangoni na hakuna aliyesogea, wangejicheka wenyewe kwanza. Nakuelewa ulivyoungua. Lakini ulipoungua ukamchoma aliyekuletea maji.

Na hilo la jimu, baba, lingenichekesha kama lisingekuwa la hatari. Miaka ishirini hujanyanyua kitu kizito kuliko nyundo na mto wa kochi, siku ya kwanza unachukua chuma cha kijana ambaye angekuwa mwanao. Wewe ni fundi. Mtu akikuletea kochi lililokaa mvuani, unalivalisha kitambaa kipya siku hiyo hiyo? Si unaangalia kwanza mbao zipi zimeoza, misumari ipi imelegea? Mwili uliovuka arobaini unajengeka, tena vizuri tu, wa mke na wa mume, lakini unataka uanze chini, upande polepole, na upate siku za kupumzika katikati, kwa sababu misuli hujijenga mtu akiwa amelala na ameshiba, haijijengi akiwa anajionyesha. Huo unga wa kopo mwaga. Hujui kilichomo, na aliyekuuzia hajui pia. Hakuna kinachorudisha ujana, na ujana wenyewe ukirudi leo utakukuta umelala kitandani peke yako umenuna.

Nguvu zako ziko kwenye chungu kile kile unachokilalamikia. Mayai, maharage, dengu, samaki, maziwa, nyama kwa kiasi, na kila mlo uwe na kimojawapo, usilimbikize vyote usiku. Majani ule, hata kama unajiona mbuzi. Punguza mafuta, soda na sukari ya chai, na kibaraza kitaanza kubomoka bila kumwita mjenzi. Tembea kwa miguu kwenda karakana kama si mbali. Bega likishapona na daktari akikuruhusu, anza na lile zoezi la mama yako, usilidharau, la kuinuka kwenye kiti bila kushika popote. Nina hakika mama yako atakushinda wiki ya kwanza. Kisha usimame usukume ukuta kwa viganja, baadaye ndipo uguse chuma, chepesi, mbele ya mtu anayejua, na ukiambiwa weka chini, weka chini. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Humshindani mtu.

Lakini kabla ya yote hayo kuna deni la heshima. Mtafute yule wa mkokoteni. Kama vyuma vimeshakwenda kuyeyushwa, nunua vingine, na usitume mtu, nenda mwenyewe, mwambie muuzaji akufikishie mlangoni kwa sababu bega lako ni bovu, na hilo useme bila aibu. Mkeo akirudi umwambie umekosa. Usianze na “lakini”. Usimweleze jinsi ulivyoaibika, anajua, alikuwepo, na ndiye aliyekushika usianguke tena. Ukimaliza kusema, nyamaza. Kama atarudi chumbani leo au mwezi ujao ni uamuzi wake, nawe usimtume mama akusemee, maana mama ameshasema yake na mimi sina la kuongeza.

Na Jumamosi rafiki zako wakija, waambie mwenyewe, hadharani kama ulivyochekwa hadharani, kwamba siku ile mkeo alifanya kazi iliyowashinda wanaume wote mliokuwa ndani. Yule mshonaji asipocheka, na yeye amekomaa. Akicheka, mkabidhi dumu la maji na umwonyeshe njia ya uani.

Wewe dada unayefua mashuka, najua unasoma. Sina la kukufundisha. Ila daktari wako usimwache, na madumu hayo usiyanyanyue kwa mkono uliovunjika mpaka mwalimu wako aone unavyoshika.

Baba Ukuta, kesho asubuhi funga karakana uende kliniki. Wapime bega, wapime na presha, maana mtu mwenye hasira kama zako na tumbo kama lako hapaswi kukisia presha yake. Watakuuliza umeumiaje. Usiseme ulianguka, usiseme ni kochi. Waambie ulibeba chuma kisicho chako kwa sababu ulimwonea wivu mke wako. Litakutoka kwa shida, na huenda muuguzi akatabasamu. Mwache atabasamu, kisha umpe mkono aupime.