Kiande cha Jumamosi

Jumatatu, 14 Januari 1974
Nimekama ng'ombe. Maziwa kidogo, nyasi zimekauka zote. Jikoni hakukaliki: bati juu, moto chini, mimi katikati kama mkate. Tangu Ijumaa napika nje. Mahindi mawili juu ya makaa, kiazi kitamu ndani ya jivu, nyanya moja nimeichoma mpaka ikapasuka. Nimeshiba kabla ng'ombe hajamaliza maji yake. Muthoni, mke wa mwanangu, anasema kula nje ni mambo ya wachungaji. Aseme. Yeye anatokwa jasho ndani na sufuria yake.

Muthoni ndiye sababu naandika Kiswahili. Yeye husoma Kikuyu tu, Biblia na barua za watu. Kiswahili nilikipata kwa gumbaru, darasa la watu wazima. Daftari hii hataiweza.

Jioni mwanangu Gathogo ametangaza wageni. Jumamosi watu wa Kiriaini wanakuja, wazazi wa Kariuki anayemtaka mjukuu wangu Wangari. Ni kujuana tu. Watakula haraka na kurudi kwao kabla ya giza. Ati, "Choma tu, mama." Anafikiri nyama hujichoma.

Jumanne, 15 Januari
Wangari hana raha. Ameanza kazi wiki jana, mwalimu wa darasa la pili hapa Giakanja. Kazi hiyo aliingoja miaka miwili. Kariuki anamtaka kweli, na yeye anamtaka Kariuki. Lakini watu wa Kariuki wanataka bibi Kiriaini sasa hivi, na Wangari anataka kumaliza mwaka na watoto wake. Si jambo kubwa. Mwaka ni nini?

Ameniuliza, mimi nyanya yake, tukichambua maharagwe. "Cucu, Jumamosi hawatanifunga?"

Nikamwambia, "Jumamosi ni nyama tu. Hilo ni neno langu."

Mimi sitoi neno ovyo. Sasa nimelitoa.

Jumatano, 16 Januari
Wazee walichoma kwa vijiti. Vijiti ni vya mtu mwenye siku nzima. Nimevuta springi ya kitanda cha marehemu bwana wangu nyuma ya ghala, nimeichoma kutu, nimeisugua kwa jivu na mchanga. Juu ya mawe sita imekaa sawa. Mbavu za mbuzi mzima zinaenea na nafasi ya mahindi inabaki.

Jirani akanishauri kuni za mubau, yaani mkaratusi, ati zinawaka upesi. Ziliwaka. Nyama ikanuka dawa ya kifua. Nimemtupia mbwa. Mbwa alifikiria kwanza.

Sijakaa chini leo. Nikikaa nasimama.

Alhamisi, 17 Januari
Leo kuni za muthanduku, yaani muwati, na matawi makavu ya kahawa. Vizuri sana. Siri ni kungoja. Moto wenye ndimi unaunguza nje na ndani damu bado. Ngoja makaa yavae jivu jeupe, ndipo uweke. Mafuta yaangalie chini. Chumvi ndani ya maji ya uvuguvugu, unanyunyiza kwa majani ya kitunguu. Ndizi na maganda yake. Mtu akisema choma ni kazi ya wavivu mlete hapa.

Nimezunguka boma mara tano bila kazi. Nawaza kiande.

Kiande ni bega la kulia la mbuzi. Siku ya ngurario, siku ya kufunga ndoa yenyewe, bwana hulikata mbele ya watu, bibi akala. Akila amefungwa. Siku nyingine yoyote bega hilo linakatwa vipande na kuchanganywa na nyama nyingine, lisijulikane. Mke wa mtu hali kiande cha mwingine. Mimi ndiye hufundisha wasichana wa hapa mambo hayo, na nawagombeza wasiposikia.

Na mimi sijawahi kukila. Hapa naliandika, kwingine sijalisema. Bwana wangu alileta mbuzi na pombe kwa baba, ngurario akasema tutafanya baada ya mavuno. Yakaja mavuno. Yakaja mengine. Akaenda Nanyuki kwa mashamba ya wazungu, akarudi na kikohozi, akafa. Waliojua wamekufa wote. Naitwa bibi ya mtu miaka arobaini.

Nilikasirika na bado nimekasirika.

Ijumaa, 18 Januari
Mbuzi amefika. Dume jeusi, nono. Kuchoma ni kazi ya wanaume, Gathogo ameahidi kushika moto saa nne. Wangari amepiga pasi gauni moja mara tatu. Hajala.

Jumamosi, 19 Januari
Saa nne, Gathogo hakuna. Saa tano hakuna. Alikuwa kwa mkutano wa kanisa na koti lake. Saa sita wageni wanashuka njiani, watu tisa. Basi nikafunga kitambaa, nikashika kisu, nikachoma mwenyewe. Acha wanaume wa Giakanja waseme.

Nyama iliiva vizuri. Jua juu, makaa chini, mimi nakimbia kati ya springi na meza. Mbavu, mutura wa utumbo uliojazwa nyama na damu, ndizi, mahindi. Wageni wakala wakinyamaza, na hiyo ndiyo sifa. Gathogo akaingia akipangusa uso, akakuta sinia ya tatu inapita.

Hapo nilikosa. Kwa haraka sikulikata bega la kulia. Nililitoa zima, na kiungo chake, juu ya sinia, mbele ya baba mdogo wa Kariuki.

Mzee huyo wa kofia akaliona. Akacheka kwa furaha, akanyoosha kisu. "Kumbe nyumba hii iko tayari na hamkutuambia. Kariuki, shika kisu. Kwa nini turudi mara mbili?"

Watu wakapiga makofi. Gathogo naye akacheka, kwa aibu ya kuchelewa. Kariuki akasimama akimwangalia Wangari. Wangari aliniangalia mimi. Hakulia. Aliniangalia tu, kama mtu aliyelipwa kwa pesa bandia.

Nikachukua lile bega kwa mkono. Moto sana. Nikaliuma.

Nikasema, "Hiki ni changu. Wangu alikufa bila kunikatia."

Nikakaa chini, mara ya kwanza siku hiyo, nikala mpaka mfupa. Nilisikia watu wananitazama na sikuinua kichwa. Yule mzee akavua kofia, akaweka kisu mezani. Mbuzi ana bega la kulia moja tu.

Jumapili, 20 Januari
Sikwenda kanisani. Kufika saa saba soko lote lilijua, Muthoni ana miguu. Gathogo amesema nimemwaibisha, kumbe mama yake hakuolewa. Nikamwambia angefika saa nne angelikata bega yeye. Vidole vimetoka malengelenge.

Wanawake wawili wamepita njiani wakinong'ona. Nimewasalimia kwanza, kwa nguvu.

Alhamisi, 24 Januari
Mawingu kidogo. Ng'ombe ametoa afadhali.

Mamake Kariuki ametuma kikapu cha viazi vitamu kwa kijana wa basi. Ujumbe mfupi: ni vya cucu, vya kuchoma, na watakuja Desemba shule zikifungwa.

Wangari alirudi na chaki kwa mikono. Tuliweka viwili juu ya springi, tukakaa. Akaniuliza kiande kilikuwaje.

Nikamwambia kilipungua chumvi.

Si kweli. Kilikuwa kitamu.